Usiache Mbachao kwa Msala Upitao: Namna ya Kupunguza Kizigeu cha Linux ili Kupisha Mfumo wa Pili

Utangulizi

Chukua mfano wa mtafiti wa fasihi simulizi ambaye kazi yake yote imo katika kipakatalishi kimoja. Humo mna sura tatu za tasnifu, picha za miswada, na saa 40 za sauti za waghani aliowarekodi nyanjani. Mmoja wa waghani hao ameshaaga dunia, na alichokighani siku ile hakiwezi kurekodiwa tena. Kipakatalishi hicho kinaendeshwa na Linux, mfumo ambao mtafiti ameuzoea na ambao haukumgharimu hata senti moja. Sasa anahitaji kutumia Speech Analyzer, programu ya shirika la SIL ya kuchanganua sauti za lugha, ambayo imetengenezewa Windows. Hana fedha za kununua kipakatalishi cha pili. Njia iliyo mbele yake ni kuipunguzia Linux nafasi katika diski, kisha kusakinisha Windows katika nafasi iliyobaki, ili kila awashapo tarakilishi achague mfumo autakao.

Wahenga walionya kuwa mtu asiache mbachao kwa msala upitao. Mfumo mpya ni msala upitao. Huenda ukahitajika kwa muhula mmoja tu. Mbachao ni kile kilichokwisha kutandikwa: tasnifu, miswada na sauti za waliotangulia mbele ya haki. Makala haya yananuia kueleza namna msala unavyoweza kutandikwa kando ya mbachao bila kuuchana. Hoja inayoyaongoza ni kwamba katika diski mna mipaka miwili, si mmoja, na kwamba hasara nyingi hutokana na kuisogeza mipaka hiyo kwa mpangilio usiofaa.

Usuli

Diski ya tarakilishi inaweza kugawanywa katika sehemu kadhaa, kila sehemu ikachukuliwa kana kwamba ni diski inayojitegemea. Mafundi wengi huziita sehemu hizo patisheni. Katika makala haya zitaitwa vizigeu. Mipaka ya vizigeu huandikwa katika jedwali maalumu lililo mwanzoni mwa diski. Katika utaratibu wa zamani, ulioanza mwaka 1983 pamoja na toleo la pili la mfumo wa DOS, jedwali hilo lilitengewa baiti 64 tu na liliweza kuorodhesha vizigeu vikuu vinne pekee. Utaratibu wa sasa, uitwao GPT, kwa kawaida huruhusu vizigeu 128, na huhifadhi nakala ya pili ya jedwali mwishoni mwa diski.

Linux yenyewe ilizaliwa katika diski iliyogawanywa. Mwaka 1991, Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, alikuwa akiandika kiini cha mfumo wake mpya katika tarakilishi iliyokuwa na mfumo mwingine, Minix. Amesimulia mwenyewe jinsi alivyokusudia siku moja kutuma amri ya kupiga simu kwenye modemu, akaielekeza kwa makosa kwenye diski. Kizigeu cha Minix kikaharibika. Badala ya kukisakinisha upya, aliamua kuendelea na mfumo wake mwenyewe. Kosa hilo lilikuwa na mwisho mwema kwa sababu kilichopotea kilikuwa mfumo unaoweza kupatikana tena. Sauti ya mghani aliyefariki haipatikani tena.

Wapenzi wa Kiswahili nao hawakuwa mbali na harakati za programu huria. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux, uliokishirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye menyu na maelezo kwa Kiswahili. Kwa hivyo, mada hii si ya mafundi wa mitambo peke yao.

Mipaka miwili

Ili kuielewa kazi ya kupunguza kizigeu, ni vyema kutazama shamba. Shamba lina mipaka iliyoandikwa katika hati miliki na kuonyeshwa kwa vigingi. Ndani ya vigingi mna nyumba, ghala na migomba. Mwenye shamba akitaka kumkatia nduguye kipande, haanzi kwa kung'oa vigingi. Kwanza hutazama kilicho katika kipande hicho. Ikiwa ghala limo, hulihamisha, na baada ya hapo vigingi husogezwa na hati ikaandikwa upya. Akisogeza vigingi kwanza, ghala lake litaangukia katika shamba la mtu mwingine, na mtu huyo ana haki ya kulibomoa.

Kizigeu ni hati na vigingi. Husema tu kwamba eneo fulani linaanzia hapa na kuishia pale. Ndani yake mna kitu cha pili, mfumo wa faili, ambao ndio unaojua kila faili iko wapi, ina ukubwa gani na imegawanyika katika vipande vingapi. Mfumo wa faili nao umeandika ndani yake ukubwa wa eneo unaloamini kuwa ni lake. Kwa kawaida mipaka hii miwili hulingana, na ndiyo sababu watumiaji wengi hudhani ni kitu kimoja.

Kutokana na tofauti hiyo hupatikana kanuni mbili. Wakati wa kupunguza, mfumo wa faili hutangulia: data zilizo katika eneo la mwisho huhamishiwa mbele, ukubwa mpya huandikwa, na ndipo mpaka wa kizigeu husogezwa. Wakati wa kuongeza, mpangilio hugeuka: mpaka husogezwa kwanza, kisha mfumo wa faili hupanuliwa ujaze nafasi mpya. Kwa maneno mengine, katika hatua zote mbili, kizigeu hakipaswi hata mara moja kuwa kidogo kuliko mfumo wa faili uliomo.

Aina za mifumo ya faili

Si kila mfumo wa faili unaokubali kupunguzwa. Mfumo wa ext4, ambao hutumiwa na matoleo mengi ya Linux, unaweza kuongezwa hata ukiwa kazini, lakini hupunguzwa ukiwa umepumzishwa tu. Btrfs unaweza kupunguzwa ukiwa kazini. XFS, kwa upande mwingine, ulibuniwa kukua. Kwa matumizi ya kawaida haupunguzwi, na mwenye nao hulazimika kunakili data zote kwingine, kuunda kizigeu kidogo, kisha kuzirejesha.

Aidha, baadhi ya watumiaji huwa na tabaka zaidi. Kuna wanaotumia LVM, utaratibu unaoweka tabaka la kati baina ya kizigeu na mfumo wa faili, na kuna waliofunga diski nzima kwa nywila. Kanuni ni ile ile, ila huanzia ndani na kutoka nje: mfumo wa faili kwanza, tabaka la kati lifuate, na kizigeu kiwe cha mwisho. Anayegundua kuwa diski yake ina tabaka hizi na hazifahamu vyema, afadhali atafute msaada kabla ya kugusa chochote.

Hatua za kazi

Chukulia kwamba kipakatalishi cha mtafiti kina diski ya gigabaiti 500 yenye vizigeu viwili: kidogo cha EFI, ambacho hutumika wakati wa kuwasha, na kikubwa cha ext4 kilichojaza sehemu yote iliyobaki. Data zake zimechukua gigabaiti 210. Anataka kuibakizia Linux 350 na kuiachia Windows iliyobaki. Windows 11 huhitaji diski isiyopungua gigabaiti 64, hivyo nafasi ipo ya kutosha.

Hatua ya kwanza ni nakala ya akiba. Tasnifu, picha na sauti zote hunakiliwa katika diski ya nje, na inapowezekana, mahali pa pili pia. Kunakili peke yake hakutoshi. Diski ya nje huchomekwa katika tarakilishi nyingine, faili kadhaa zikafunguliwa, na sauti zikasikilizwa mwanzo na mwisho. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni tumaini tu. Pia ni vyema kunakili jedwali la vizigeu lilivyo kabla ya kazi kuanza, hata kwa kalamu na karatasi: kila kizigeu kinaanzia wapi na kinaishia wapi.

Hatua ya pili ni kuiwasha tarakilishi kwa kutumia flashi yenye Linux inayojitegemea. Kizigeu kinachoubeba mfumo unaotumika wakati huo hakiwezi kupunguzwa kwa ext4; kufanya hivyo ni sawa na kulikata tawi ulilokalia. Flashi nyingi za aina hii huwa na GParted, programu huria inayoonyesha diski kwa mchoro wa vizigeu. Kabla ya kuendelea, chaja huchomekwa na betri ikahakikishwa kuwa imejaa. Umeme ukikatika wakati data zinahamishwa, mfumo wa faili unaweza kuachwa nusu hapa na nusu pale.

Hatua ya tatu ni ukaguzi. Mfumo wa faili huchunguzwa ikiwa una hitilafu, kwa programu iitwayo e2fsck. Kosa dogo ambalo halikuwa na madhara siku zote linaweza kuwa kubwa wakati wa kuhamisha data. Ikiwa ukaguzi unaonyesha kuwa diski yenyewe inashindwa kusoma baadhi ya maeneo, kazi husimamishwa hapo. Diski inayokufa haigawanywi. Huokolewa kilichomo na kubadilishwa.

Hatua ya nne ni kupunguza kwenyewe. GParted hufuata kanuni iliyoelezwa hapo juu bila kuambiwa: hukagua, hupunguza mfumo wa faili, kisha husogeza mpaka wa kizigeu. Jambo la kuzingatia ni upande wa kukata. Nafasi ikikatwa mwishoni mwa kizigeu, data zilizo mwishoni tu ndizo huhamishwa. Ikikatwa mwanzoni, kizigeu chote huhitaji kusogezwa, kazi inayoweza kuchukua saa nyingi na kuongeza hatari. Kwa hivyo mtafiti huyu atakata mwishoni.

Hatua ya tano husahauliwa na wengi. Kabla ya kusakinisha chochote, flashi huondolewa na Linux huwashwa kama kawaida. Faili hufunguliwa, na ukubwa mpya huthibitishwa. Nafasi iliyoachwa bado ni tupu, hivyo ikiwa kuna kosa katika mpaka, kosa hilo bado linaweza kurekebishwa.

Gigabaiti mbili zisizolingana

Wapo wanaopendelea kuandika amri wenyewe badala ya kutumia GParted. Hao wanapaswa kujihadhari na mtego wa vipimo. Watengenezaji wa diski huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000. Programu nyingi huhesabu baiti 1,073,741,824, kipimo ambacho jina lake rasmi ni gibibaiti. Ndiyo sababu diski iliyonunuliwa kwa jina la gigabaiti 500 huonekana katika skrini kuwa na takriban 465. Muuzaji hakuiba, vipimo ndivyo viwili.

Tofauti hii ina uzito hapa. Programu ya resize2fs, inayopunguza mfumo wa ext4, ikiambiwa 350G huelewa gibibaiti 350, ambazo ni sawa na takriban gigabaiti 376 za mtengenezaji. Programu ya parted, inayosogeza mpaka wa kizigeu, ikiambiwa 350GB huelewa gigabaiti za mtengenezaji. Anayeandika 350 katika programu zote mbili akidhani amesema jambo moja, atakuwa ameukata mkia wa mfumo wake wa faili kwa takriban gigabaiti 26. Saa moja ya sauti ya stirio isiyobanwa, kwa ubora wa CD, huchukua takriban megabaiti 635; saa 40 huchukua takriban gigabaiti 25. Kwa hivyo eneo lililoachwa nje ya uzio kwa kosa la herufi moja linatosha kubeba sauti zote za waghani.

Njia ya kuuepuka mtego huo ni rahisi. Mfumo wa faili hupunguzwa kupita kiasi kinachohitajika, mathalani hadi gibibaiti 320. Mpaka wa kizigeu huwekwa ili kizigeu kiwe na gibibaiti 350, kipimo ambacho parted huelewa kikiandikwa GiB. Baadaye resize2fs huendeshwa tena bila kutajiwa ukubwa wowote, nayo huupanua mfumo wa faili mpaka ufike kwenye kigingi. Mwanya ulioachwa katikati hulinda data dhidi ya makosa ya hesabu, na hakuna nafasi inayopotea mwishoni.

Kumkaribisha mgeni

Windows inaposakinishwa, huonyesha orodha ya vizigeu vyote. Kwa kuwa haisomi ext4 kwa kawaida, kizigeu cha Linux huonekana katika orodha hiyo bila maelezo ya kilichomo. Hapo ndipo hatari nyingine ilipo, kwani kando ya kila kizigeu mna uwezo wa kufuta. Mtafiti anapaswa kuchagua ile nafasi isiyogawiwa, akiitambua kwa ukubwa wake, na asifute wala asiumbize upya kitu kingine chochote. Windows itaunda vizigeu vyake yenyewe katika nafasi hiyo. Ikiwa Linux iliwekwa kwa utaratibu wa UEFI, Windows nayo iwekwe kwa utaratibu huo huo.

Baada ya kazi hiyo, tarakilishi inaweza kuwaka moja kwa moja katika Windows kana kwamba Linux haikuwahi kuwapo. Jambo hili huwashtua wengi, ilhali mara nyingi hakuna kilichopotea. Katika mashine za UEFI, programu za kuwashia mifumo yote miwili hukaa katika kizigeu cha EFI, kila moja katika folda yake. Windows hujiweka tu mbele ya foleni. Mpangilio wa foleni hurekebishwa katika ukurasa wa mipangilio ya mashine. Katika mashine za zamani, Windows huandika juu ya programu ya kuwashia iliyo mwanzoni mwa diski, na GRUB, programu ya kuwashia Linux, huhitaji kusakinishwa tena kwa kutumia ile flashi. Isitoshe, tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB haitafuti mifumo mingine mpaka iruhusiwe katika mipangilio yake. Kutoiona Windows katika menyu si dalili ya hitilafu.

Mambo mawili madogo hufuata. La kwanza ni saa. Linux huihesabu saa ya ndani ya mashine kuwa saa ya dunia, nayo Windows huihesabu kuwa saa ya mahali ilipo. Kwa kuwa Afrika Mashariki imetangulia saa ya dunia kwa saa 3, mtafiti ataona Windows ikichelewa kwa saa 3, na ikisharekebishwa, Linux itatangulia kwa kiasi hicho. Kwa mtu anayetegemea saa za faili kujua ni rekodi ipi ilitangulia, si jambo la kupuuza. Linux inaweza kuagizwa ifuate saa ya mahali, na tofauti ikaisha. La pili ni ule uwashaji wa haraka wa Windows, ambao huifanya isizime kikamilifu. Linux ikijaribu kuandika katika kizigeu cha Windows kilichoachwa katika hali hiyo, data zinaweza kuharibika. Ni heri uwashaji huo uzimwe.

Mambo yakiharibika

Mpaka ukikosewa, Linux huenda ikakataa kuwaka na kudai kuwa mfumo wa faili ni mkubwa kuliko kizigeu. Huo si wakati wa kujaribu kila kitu. Kusogeza mpaka hakufuti data. Huzitoa tu nje ya uzio. Madhali hakuna kilichoandikwa katika eneo hilo, kuurudisha mpaka mahali pake pa awali hurejesha kila kitu, na hapo ndipo ile karatasi ya hatua ya kwanza huonyesha thamani yake. Ikiwa karatasi haipo, programu huria ya TestDisk inaweza kuisaka mipaka ya zamani. Lakini eneo hilo likishaumbizwa na Windows, hasa katika diski za SSD ambazo huarifiwa kuwa maeneo yaliyofutwa hayahitajiki tena, matumaini hupungua sana. Majuto ni mjukuu, huja kinyume.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kupunguza kizigeu cha Linux si uchawi wala si bahati nasibu. Ni kazi yenye mantiki: nakala kwanza, yaliyomo yafuate, mpaka uje mwisho, na ukaguzi ufanywe kabla ya mgeni kukaribishwa. Anayeielewa tofauti ya mfumo wa faili na kizigeu anaweza kuzisoma amri za programu yoyote na kujua ni ipi inayopaswa kutangulia. Hali kadhalika, mtafiti ajiulize mapema kama kweli anahitaji mfumo wa pili. Praat, kwa mfano, huchanganua sauti katika Linux na Windows vilevile, na mashine yenye kumbukumbu ya kutosha inaweza kuiendesha Windows ndani ya Linux kwa VirtualBox bila kugusa mpaka wowote. Ikiwa jibu bado ni ndiyo, basi msala na utandikwe, ila baada ya mbachao kuwekwa mahali salama.